Kiswahili Kirudi Njiani: Utetezi wa Safari ya Baiskeli ya Polepole

Tangu Septemba 2025 mji wetu wa Kigali umeshikwa na homa ya mbio. Kuanzia tarehe 21 hadi 28 ya mwezi huo mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyoanzia Copenhagen mwaka 1921, yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, na mwenyeji wake alikuwa Kigali. Siku ya mwisho Tadej Pogačar wa Slovenia alizimaliza kilomita 267.5 za kupanda na kushuka vilima vyetu kwa muda wa saa sita na dakika ishirini na kitu. Na katika kundi zima la wanaume walioanza naye asubuhi, 30 tu ndio waliofika mwisho. Hilo ni jambo la fahari, wala makala haya hayana nia ya kulipaka matope. Lakini fahari hiyo imezaa fikra moja potofu ambayo yafaa ing'olewe kabla haijaota mizizi: kwamba thamani ya baiskeli ni kasi yake, na kwamba mtu aipandaye bila kukimbia anapoteza wakati.

Ndugu walimu, litajeni pendekezo hili mbele ya wenzenu katika chumba cha walimu: kwamba wanafunzi wa Kiswahili waondoke Kigali wakati wa likizo, wasafiri kwa baiskeli muda wa siku tano, polepole, katika njia ya changarawe iliyo kandokando ya Ziwa Kivu, wakizungumza Kiswahili tangu jua linapochomoza hadi linapotua. Mtapata majibu matatu, na yote yatatolewa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Wa kwanza atasema huo ni mchezo wa wageni wenye fedha. Wa pili atasema baiskeli ni chombo cha mchukuzi, haimfai mwalimu. Wa tatu, ambaye ndiye wa kuogopwa zaidi kwa kuwa ni mwenzetu wa kazi, atasema lugha hufundishwa darasani, na safari ni burudani tu. Makala haya yanadai kwamba wote watatu wamekosea, na kwamba gharama ya makosa yao inalipwa na lugha tunayoifundisha.

Basi tuitazame kwanza njia yenyewe. Jina lake rasmi ni la Kiingereza, Congo Nile Trail. Humu tutaiita Njia ya Kongo na Nile. Urefu wake ni kilomita 227. Huanzia Rubavu kaskazini, katika mji ambao wengi bado huuita Gisenyi, ikapita Kinunu penye mibuni, ikafika Karongi, yaani Kibuye ya zamani, kisha ikaendelea kupitia Mugonero hadi Kamembe katika wilaya ya Rusizi, kusini kabisa. Jina limetokana na mgongo wa milima unaoyagawa maji: mvua inyeshayo mashariki ya mgongo huo huenda Nile; inyeshayo magharibi huingia Ziwa Kivu, hutoka kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika, na mwisho huufikia mto Kongo. Ziwa liko kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na pwani yake imekatikakatika kwa ghuba na rasi nyingi, hata msafiri hukiona kijiji cha mbele kikiwa karibu, naye akatumia saa nzima kukizungukia. Pana udongo mwekundu, changarawe, mawe yaliyochomoza, na miinuko isiyohesabika. Aendaye kwa miguu huchukua siku kumi hivi. Mwenye baiskeli huchukua tano. Pogačar alikwenda masafa makubwa kuliko hayo kwa mchana mmoja. Na mwenye haraka asiye na miguu ya Pogačar naye hakusahauliwa: siku hizi barabara ya lami ya Kivu inaziunganisha wilaya zizo hizo, na apande gari. Njia ya changarawe imebaki kwa yule ambaye hana haraka.

Sasa tumjibu wa kwanza, asemaye kwamba huo ni mchezo wa wageni. Ni kweli kwamba wengi wanaoipita njia hiyo kwa starehe ni wageni. Lakini mgeni akikalia kigoda chako kwa sababu wewe hutaki kukikalia, je, kigoda kimekuwa chake? Vijia hivyo vilikanyagwa na wakulima wa kahawa, na watoto waendao shule, na akina mama waendao sokoni, kabla havijachorwa katika ramani yoyote ya utalii. Na baiskeli je? Katika miji na vijiji vya Rwanda vijana wabebao abiria na mizigo kwa baiskeli huitwa abanyonzi. Mwalimu wa Kiswahili asiyesikia humo mlio wa kitenzi chetu kunyonga, yaani kuzungusha pedali, na azibue masikio. Kinyarwanda huiita baiskeli yenyewe igare, na hapo tena gari letu laonekana kwa mbali. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana wa baiskeli ndio waliozaa neno bodaboda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima. Chombo hiki kimekwisha kuwa chetu kwa kazi na kwa lugha.

Kilichobaki mikononi mwa mgeni ni kitu kimoja tu: ruhusa ya kukipanda bila shehena. Tazameni vizuri. Mwananchi akionekana juu ya baiskeli tunamkubalia hali mbili. Ama awe na mkungu wa ndizi, madumu ya maziwa au abiria juu ya keria. Ama awe na namba ya mashindano mgongoni. Akiwa na mzigo tunasema anatafuta riziki. Akiwa na namba tunasema anatafuta medali. Akiwa hana hiki wala kile, akasimama juu ya kilima kuliangalia ziwa, tunauliza amepatwa na nini. Hali hiyo ya tatu, ya kwenda ili kuona, tumeikabidhi kwa watu wa mbali, kisha tunalalamika kwamba nchi yetu inasimuliwa na wao. Waswahili walisema zamani: tembea uone. Hawakusema tembea ubebe, wala tembea ushinde.

Hata changarawe yenyewe imeanza kutekwa na saa ya mkononi. Tangu mwaka 2020 pamekuwa na mbio ziitwazo Race Around Rwanda, ambazo huizunguka nchi kwa masafa ya kilomita 1,000 hivi, katika lami na katika njia za udongo, na mshindani hulala usingizi wa kuiba. Wanaozipenda mbio hizo na wakimbie. Miguu ni yao. Hoja yetu ni kwamba mtu aliyeizunguka nchi kwa siku chache huku akihesabu dakika amepata ushindi wa mwili, lakini hakusalimiana na mtu. Na salamu, kama kila mwalimu ajuavyo, ndilo somo la kwanza la Kiswahili.

Wa pili asema baiskeli haimfai mwalimu. Jawabu hili lina kiburi ndani yake, tena kiburi kisichokuwa na kumbukumbu. Wazee wa Afrika Mashariki wanazikumbuka enzi ambapo mwalimu, katekista na bwana shamba walitambulikana kijijini kwa kengele ya baiskeli. Kumiliki baiskeli kulikuwa ndiyo heshima yenyewe. Hapa Kigali, tangu mwaka 2016, ziko Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungwa magari yasipite, na watu wa kila cheo hutoka kukimbia, kutembea na kuendesha baiskeli bila ya mtu kuona haya. Kama heshima haikupotea Jumapili mjini, itapoteaje Jumatatu huko Karongi?

Wapo pia wanaonong'ona kwamba baiskeli haifai kwa wasichana. Hao wakumbushwe kwamba Mnyarwanda Jeanne d'Arc Girubuntu alishiriki mashindano ya dunia ya mwaka 2015 huko Richmond, Marekani, na kwamba mwaka 2025 wanawake walishindana katika vilima vya Kigali mbele ya macho yetu. Tukiwaruhusu wasichana kupanda baiskeli kwa ajili ya medali, na tukawakataza kuipanda kwa ajili ya kujifunza, tutakuwa tumejikanusha wenyewe.

Tufike sasa kwa wa tatu, mwenzetu mwalimu, ambaye haamini kwamba lugha yaweza kufundishwa njiani. Na tumuulize: Kiswahili kilifikaje Rwanda? Hakikuja katika sanduku la vitabu. Kilikuja kwa miguu, pamoja na wapagazi, wafanyabiashara na askari, hasa katika zama za Wajerumani, ambapo Richard Kandt aliweka makao yake Kigali mwaka 1907. Kikapata makazi katika mitaa kama Biryogo na Nyamirambo, ambako mpaka leo husikika vibarazani na madukani. Ni lugha iliyoletwa na mwendo, na mwendo huo ulikuwa wa polepole, wa kuomba maji, kuuliza njia na kulala kwa watu.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge likakipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini hadhi ya sheria haimpi mtoto wa Gasabo au Kicukiro mtu wa kuzungumza naye. Wanafunzi wengi wanakijua Kiswahili kama wanavyolijua bara la Antaktika: wanaweza kukijibia mtihani. Wanaweza kuzitaja ngeli zote kwa mpangilio, na wakashindwa kumwambia fundi kwamba tairi lina pancha.

Chukueni kitenzi kimoja tu, kupanda. Darasani mwalimu huandika ubaoni maana zake moja baada ya nyingine, na wanafunzi hunakili. Njiani kati ya Kinunu na Karongi mwanafunzi hupanda baiskeli asubuhi, kisha hupanda kilima mpaka jasho limtoke, na pembeni humwona mkulima akipanda maharage. Hatazisahau tena maana hizo, kwa kuwa moja ameibeba katika mapaja yake. Au ichukueni kauli ya kutendea, ambayo huwatesa wanafunzi kila mwaka. Baiskeli ikiharibika, mwenzake aliyeshika pampu, kiraka na gundi ndiye anayegeuka kuwa kitabu cha sarufi: nijazie upepo, nizibie tundu, nikazie mnyororo, nishikie usukani. Haja ikimbana mtu, ulimi hujifunza haraka. Wala hakuna njia nyingine iliyo bora ya kuyafahamu maneno changarawe, kokoto, kifusi, korongo, utelezi na mteremko kuliko kupita juu yake kwa magurudumu mawili.

Hapa mpinzani wetu atainuka na hoja yake iliyo nzito kuliko zote. Atasema: watu wa Rutsiro na Nyamasheke husema Kinyarwanda, Kiswahili watakisikia wapi? Hoja hii haifai kupuuzwa, na tuijibu kwa ukweli. Katikati ya njia Kinyarwanda ndicho kitawalacho, na msafiri mwenye adabu atamsalimu mwenyeji kwa lugha ya mwenyeji. Lakini zitazameni ncha mbili za njia hiyo. Rubavu imepakana na Goma, mji kwa mji, kana kwamba mpaka ni mtaa. Rusizi inatazamana na Bukavu ng'ambo ya mto Ruzizi. Kwa miaka mingi wachuuzi wa pande zote mbili wamekuwa wakipatana bei kwa Kiswahili. Yaani njia hii huanza katika Kiswahili na kuishia katika Kiswahili. Msafiri hutoka bandari moja ya lugha, akapita nchi kavu ya siku tano akiwa na akiba yake ya maneno, akatia nanga katika bandari ya pili.

Mwenzetu aliye mkali wa usanifu ataguna kwamba Kiswahili cha huko si sanifu, kwamba watu husema batu na niko naenda. Na wasikie! Mwanafunzi asiyepata kusikia Kiswahili kingine ila cha kitabu ataingia sokoni kama bubu. Ayasikie, ayalinganishe na aliyofundishwa, aulize kwa nini yamekuwa hivyo. Hapo ndipo mwalimu atapata somo la lahaja ambalo hakuna ubao utakaompa.

Na hata katikati ya njia, Kinyarwanda si kizuizi. Hizi ni lugha ndugu. Anayeendesha polepole husikia inzira akakumbuka njia, husikia amazi akakumbuka maji, husikia kugenda akakumbuka kwenda. Jioni huwaona wavuvi wakitoka na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikimulika maji, wakienda kuvua samaki wadogo waitwao sambaza, ambao mbegu yao ililetwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki walihama ziwa kwa ziwa. Maneno nayo yamehama vivyo hivyo. Apitaye kwa gari hayaoni hayo, na apitaye kwa mashindano hana nafasi ya kuyauliza.

Liko jambo jingine, nalo ni zito. Njia hii si ya mandhari tu. Mugonero, ambapo wasafiri wengi hupumzika, ndipo mahali ambapo tarehe 16 Aprili 1994 maelfu ya Watutsi waliokimbilia kanisani na hospitalini waliuawa. Vilima vya Bisesero, katika wilaya hiyo hiyo ya Karongi, ndivyo ambavyo Watutsi walijihami kwa mawe na mikuki dhidi ya wauaji wao. Kijana aliyezaliwa Kigali miaka mingi baadaye apaswa kuyafikia mahali hayo kwa mwendo wa heshima, ashuke, anyamaze, asome majina, kisha aweze kuyasema aliyoyaona katika lugha ambayo jirani yake wa Kigoma, Kampala na Mombasa ataielewa. Kama Kiswahili kweli ni lugha rasmi ya Rwanda, hakiwezi kuachiwa bei za sokoni na salamu tu. Sharti kijifunze kubeba na msiba wa nchi. Nayo kazi hiyo haifanywi na mtu anayetazama saa yake.

Wala tusifumbe macho kuhusu usalama. Mapema mwaka 2025 Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na jeraha la vita hivyo liko karibu na mwanzo na mwisho wa njia yetu. Atakayepanga safari hana budi kuuliza kwanza kwa wakuu wa wilaya na wenyeji, na kuahirisha akishauriwa kuahirisha. Lakini njia yote imo ndani ya Rwanda, na tahadhari si sawa na kukata tamaa. Tena, ni wakati gani kijana wa Kigali ahitajipo zaidi lugha ya kuzungumza na jirani wa ng'ambo ya mpaka, kama si wakati ambapo bunduki zimezungumza badala ya watu?

Kwa hiyo twapendekeza hivi. Kwanza, chama chetu kiichukue safari hii kuwa kazi yake ya kila mwaka. Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, huangukia tarehe 7 Julai, msimu wa kiangazi, ambapo tope la masika limekauka. Badala ya kuimaliza siku hiyo kwa hotuba ukumbini, kundi dogo la wanafunzi na walimu waitumie kuingoja likizo, na mara shule zifungwapo wapande basi hadi Rubavu na kuanza kunyonga. Pili, baiskeli ziwe zilezile nzito za gia moja zipatikanazo mitaani. Kilima kikiwa kikali, watu washuke na kusukuma, na asiwepo wa kuona haya. Tatu, pasiwe na mshindi. Atakayefika wa mwisho huenda ndiye aliyezungumza na watu wengi zaidi. Nne, kila msafiri aandike shajara kwa Kiswahili kila jioni, na shajara hizo zikusanywe ziwe kitabu kidogo cha kuiongoza njia hiyo, kilichoandikwa na wanafunzi wa nchi hii katika lugha ya Afrika Mashariki.

Gharama ipo, lakini si kubwa kama inavyodhaniwa: nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani, mahali pa kulala, na viraka vya kutosha. Shule nyingi hutumia zaidi kwa sherehe ya siku moja ambayo hakuna akumbukaye neno lililosemwa.

Mtu akiuliza tena kwa nini twende polepole, jawabu liko tayari katika lugha zake zote mbili. Mnyarwanda husema: buhoro buhoro ni rwo rugendo. Mswahili husema: polepole ndio mwendo. Watu wawili hawakuketi mezani wakaafikiana juu ya methali hiyo. Kila mmoja aliifikia kwa miguu yake. Sisi walimu tumezifundisha methali hizi miaka mingi kama mapambo ya insha. Likizo ijayo tuzifundishe kwa magurudumu. Mwenye hoja ya kupinga na aandike, kurasa hizi ziko wazi. Ila asituandikie kwamba hana nafasi, kwa maana hilo ndilo tunalolipinga.